Hela ya maji inatoka wapi? Tanga mpaka Ihelele kwa basi

Jumatatu, Tanga

Ba'mdogo ameshakunywa chai mimi bado natafuta viatu. Ni fundi mstaafu wa idara ya maji, kafunga pampu tangu enzi za Mwalimu, na bila yeye nisingefunga hii safari. Kisa chenyewe kifupi: kikundi chetu cha wazawa tuliotawanyika mijini kimechanga hela ya kisima cha kijijini, ugomvi ukawa mkubwa, nusu wanataka rigi ya kuchimba ije kesho asubuhi nusu wanauliza tukishachimba nani ataendesha, basi nikatumwa nizunguke nione wenzetu maji yao yanalipiwa na nani. Jinsi ya kuchimba wengi wanajua, ya kulipia ndio hayasemwi.

Tumeanza Tanga kwa sababu ya hatifungani. Kwa asiyejua, mwaka 2024 mamlaka ya maji ya hapa, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa miradi ya kimazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, watu na taasisi wakanunua mpaka ikapita kiwango kilichotakiwa, na ikaorodheshwa soko la hisa Dar es Salaam. Yaani badala ya kusubiri hazina au mfadhili, mamlaka ya maji imekopa kwa wananchi wenyewe, mifuko, mabenki, mwalimu mwenye akiba yake. Hela ni ya kupanua chujio la Mowe kutoka lita milioni 42 kwa siku mpaka milioni 60 na kusambaza mabomba.

Mie nilifurahi sana. Ba'mdogo akaomba simu, akafungua kikokotoo. "Mwanangu, riba peke yake hapo ni zaidi ya bilioni 7 kwa mwaka. Inalipwa na nani?" Nikasema wateja. "Sasa Tanga ina wateja wenye mita, wanapata bili, wakichelewa wanakatiwa. Kijijini kwetu ukienda kumkatia mtu maji utakutana naye msikitini Ijumaa, utamwambiaje?" Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba hatifungani ni ya mamlaka iliyoshazoea kukusanya, yenye vitabu vinavyokaguliwa na bei inayopangwa na EWURA, msimamizi wa huduma za nishati na maji. Ni kitu kizuri na ningependa kuona miji mingine ikifanya, ila anayekuja kukwambia ndio dawa ya kijiji kisicho na hata mita moja, mpe chai aondoke.

Jioni tumepita mitaa ya pembezoni kuangalia visima vya sadaka. Pwani hii mtu akifiwa na mzazi, akiwa na uwezo, anachimba kisima, sadakatul-jaria, thawabu inaendelea kumfikia marehemu kila mtu anapokunywa. Vimetusaidia mno, kuna mitaa bila hivyo visima wangekuwa na hali mbaya. Lakini tumeona viwili pampu imekufa na kibao cha jina kiko safi kabisa ukutani. Mzee mmoja wa msikiti hapo akasema neno ambalo nimelibeba mpaka mwisho wa safari: zamani wazee wa pwani walikuwa hawatoi kisima kitupu, walikuwa wanaweka na wakfu, minazi kadhaa au chumba cha kupangisha, mapato ya pale ndiyo yanatengeneza kamba na ndoo na kusafisha kisima. Siku hizi tunatoa kisima tunasahau minazi.

Jumanne, Amani

Tumepanda gari la Muheza halafu jingine la kupanda milima ya Usambara Mashariki mpaka Amani. Barabara ni kona juu ya kona, vumbi, halafu ghafla ubaridi na harufu ya iliki na mdalasini. Tumekuja huku kwa sababu maji ya Tanga mjini yanatokea huku, Mto Zigi unaanzia hii misitu, unateremka mpaka bwawa la Mabayani.

Watu wa mjini wakisema bei ya maji wanafikiria bomba na dawa. Huku juu unaona kuna bei nyingine. Mkulima mwenye shamba ukingoni mwa mto akilima mpaka kwenye maji, mvua ikinyesha udongo wote unashuka bwawani, chujio linakula dawa zaidi, bwawa linajaa tope. Ukimwambia asilime anakuuliza watoto wale nini, na ana haki. Ndio maana kuna umoja wa wakulima unaitwa UWAMAKIZI, wa kuhifadhi Zigi na kijito chake cha Kihuhwi, mamlaka ya maji inashirikiana nao, wanapanda miti na viungo badala ya mahindi kwenye kingo.

Mama mmoja wa karafuu na pilipili manga akatuambia kwa ufupi, "Mimi nikiiacha ile mita sitini ya ukingo nimewachangia watu wa Tanga maji, na wao wananichangia nini?" Ba'mdogo akacheka akasema huyu mama angekaa wizarani. Swali lake ni zito kuliko mikutano mingi niliyowahi kukaa. Kulinda chanzo ni gharama ya maji kama ilivyo koki, tofauti ni kwamba anayelipa ni maskini wa juu na anayefaidi ni mwenye mita wa chini, na kwenye makadirio ya mradi ule ukingo unaandikwa kama zawadi kutoka kwa Mungu.

Jumatano, Muheza mpaka Mwanga

Siku ndefu ndani ya basi, mkonge kushoto, mkonge kulia, halafu milima ya Upare. Dereva alipoingia kituo cha mafuta Korogwe ba'mdogo akanigusa bega, akaonyesha pampu. Kila lita ya dizeli au petroli inayouzwa nchi hii shilingi 50 inakwenda Mfuko wa Taifa wa Maji. Na ndoo ya lita 20 kwenye vilula vingi vya vijijini, zile koki za kuchotea za wote, ni shilingi ngapi? Hamsini. Kwa hiyo tozo ya lita moja ya dizeli ni ndoo moja ya maji. Hili basi limejaza tenki zima, akasema, tumeshachangia kijiji na hakuna abiria hata mmoja anayejua, halafu wote humu tunaamini maji yanaletwa na wafadhili.

Mimi hiyo tozo naipenda kuliko mikopo, nasema wazi. Ni hela ya ndani, inaingia kila siku, haina riba wala haimpigii mtu magoti. Kinachonikera ni kwamba mwenye bodaboda anayeichangia hajui ilijenga nini wala wapi, na mtu asiyejua kachangia hawezi kudai.

Tumefika Mwanga jioni. Hapa ndio kuna historia ya mradi wa Same-Mwanga-Korogwe, maji yanavutwa kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Ulianza 2014 kwa hela ya serikali pamoja na mikopo ya BADEA (benki ya Waarabu ya maendeleo ya Afrika), mfuko wa OPEC, mfuko wa Saudi Arabia na ule wa Kuwait. Umezinduliwa Machi 2025. Katikati hapo mkandarasi aliondolewa, kazi ikasimama, watu wa Same wakaendelea na madumu yao kama kawaida. Hesabu mwenyewe, mtoto aliyeanza darasa la kwanza wakati mkataba unasainiwa kamaliza kidato cha nne.

Dada wa nyumba ya wageni alikuwa mkali kidogo nilipouliza. Akasema miaka yote ile walikuwa wananunua maji ya mkokoteni na hakuna aliyewarudishia. Hapo ndipo nilikaa na kalamu. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ilisema mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kituo kisizidi mita 400 kutoka nyumbani na kihudumie watu 250. Familia ya watu sita ni lita 150, ndoo saba na nusu. Kwa bei ya kilula ya hamsini ni shilingi 375 kwa siku, kama elfu kumi na moja na kidogo kwa mwezi. Maji hayo hayo yakija kwa toroli au bodaboda kwa mia tano dumu, ni zaidi ya laki moja na elfu kumi kwa mwezi. Hakuna familia ya kijijini inayotoa hiyo, kwa hiyo wananunua dumu mbili za kupikia na kunywa, kuoga kunasubiri, na ya kufulia wanafuata bondeni ambako na ng'ombe wapo.

Ukiipiga kwa uniti, yaani lita 1,000, bei ya kilula ni 2,500 na bei ya toroli ni 25,000. Asiye na bomba ndio analipa kuliko wote. Halafu unasikia mtu kwenye kikundi chetu anasema wanakijiji hawana utamaduni wa kulipia maji! Wanalipa kila siku, tena kwa bei ya kutisha, tatizo ile hela inaishia kwenye tairi la bodaboda haifiki kwenye bomba.

Alhamisi, Usa River na Ngurdoto

Leo tumeshuka kabla ya Arusha mjini. Huku mvua ipo, chemchemi zipo, kijani kila mahali, unajiuliza shida iko wapi mpaka mtu acheke uone meno. Kahawia, mengine yameliwa. Ni floraidi, inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, inaingia kwenye maji, na ikizidi sana kwa muda mrefu inapinda mpaka mifupa, watoto wanapata matege.

Mambo haya ba'mdogo anayajua vizuri. Anakumbuka viwango vya muda vya mwaka 1974 vilivyoruhusu mpaka miligramu 8 za floraidi kwa lita kwa maji ya vijijini, sababu ilikuwa kwamba ukisema hapana hakuna maji mengine. Baadaye ikashuka ikawa 4, na sasa kiwango cha Tanzania ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. "Maji hayakubadilika," anasema, "tulibadilisha karatasi." Lakini hapo hapo akajirekebisha, kwamba karatasi nayo ni kitu, maana sasa ukichimba ukakuta 6 huwezi kuandika mradi umekamilika.

Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi. Njia yao maarufu ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, inachomwa kwenye tanuru kwa joto linalopimwa, inasagwa, maji yanapita humo na floraidi inabaki. Ni kitu rahisi kabisa, kwenye ndoo ya nyumbani inafaa. Ila mkaa unachoka, lazima ubadilishwe, na tunarudi kule kule, nani analipia mkaa wa pili? Kwa jiji la Arusha jibu lilikuwa kubwa, mradi wa bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, visima vipya virefu na mabomba, maji mazuri yakichanganywa na ya zamani. Vijiji vya pembeni kule Ngarenanyuki na Oldonyosambu hawakai kwenye mkopo wa namna hiyo kirahisi.

Nimeandika ujumbe kwenye kikundi hapa hapa: kabla ya rigi, hela ya kwanza iende kwa upimaji, na ikishachimbwa sampuli iende maabara kabla hatujanunua hata bomba moja. Jibu la kwanza nililopata ni "hiyo si itapunguza hela ya tenki?" Ndio, itapunguza.

Ijumaa, njia ya Babati

Kwenye basi nimekaa na mama mmoja Mkenya, wa Makueni, anakuja kununua mbaazi. Kusikia tunaongea maji akaingia moja kwa moja. "Sisi kwetu mto hauna maji lakini tunakunywa mto," akasema, nikadhani ananifanyia fumbo. Kumbe ni mabwawa ya mchanga. Wanajenga ukuta wa zege kukata mto wa msimu, mvua ikija mto unaleta mchanga unajaa nyuma ya ukuta, mchanga unashika maji ndani yake, jua haliyanyonyi, mbu hawazai, ng'ombe hawakanyagi, wanachimba kidogo au wanaweka pampu ya mkono. Ukambani wamejenga mengi sana miaka na miaka.

Na hela? Akasema saruji na fundi vinaletwa na shirika au kaunti, mawe na mchanga na nguvu ni zao, kwa mwethya, ule utaratibu wao wa vikundi vya kusaidiana. "Ukikosa siku ya kazi unalipa faini, na faini ndio inanunua saruji ya kurekebisha ufa." Ba'mdogo akauliza wakikataa kulipa faini. Yule mama akamwangalia kama mtu asiyejua maisha. "Mzee, siku yako ya kulima nani atakuja?"

Nimeipenda hiyo kuliko mikataba yote. Ila lazima mto uwe na mchanga wa kuchekecha, ukiwa wa udongo wa mfinyanzi umejenga ukuta wa kuhifadhi matope.

Mchana tumefika kijiji kimoja wilaya ya Babati, RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, walishatuelekeza kwa mwenyekiti wa chombo cha maji, yaani kile cha wanakijiji wenyewe kinachoendesha mradi. Kilula hakina mtu wa kukusanya hela. Kuna mita ya malipo ya kabla, kila kaya ina kidude kidogo kama cha funguo, unakiongezea salio kwa simu au kwa wakala, unakigusisha kwenye koki maji yanatoka, ukitoa yanakata. Usiku wa manane mama akitaka maji anapata. Zamani kilula kilikuwa kinafunguliwa kwa masaa mawili tu kwa siku na msimamizi akiumwa hakuna maji, na hela ya ndoo ilikuwa inaingia mfukoni halafu mwisho wa mwezi daftari linasema ndoo chache kuliko foleni iliyoonekana na kila mtu.

Huyu mwenyekiti ni mwalimu wa shule ya msingi, mama mpole anayejua hesabu. Katueleza jambo ambalo ningependa lisomwe na kila mwenye hela ya kuchangia kisima. Pampu yao ni ya sola, watu wanasema sola ni bure. Tuseme pampu na kifaa chake cha umeme ni milioni 6 na inaishi miaka saba. Hiyo ni kama elfu 71 kila mwezi inatakiwa ikae pembeni tangu siku ya kwanza pampu ikiwa mpya inang'aa. Wasipoiweka, mwaka wa saba watakuja kumpigia simu mbunge. "Mwaka wa kwanza hela ilikuwa nyingi benki, wakaja kijijini wanataka tununue viti vya ofisi ya kijiji. Nilikataa nikaitwa majina." Bado ana uenyekiti, nadhani kwa sababu maji yanatoka.

Vyombo hivi, CBWSO kwa kifupi cha Kiingereza, viko chini ya sheria namba 5 ya 2019, ile iliyoanzisha RUWASA. Zamani zilikuwa kamati za maji za kijiji tu, mtu akihama kijiji anahama na daftari. Sasa kuna mhasibu, fundi wa kuajiriwa, bili zinalipwa kwa kontroo namba. Haijakamilika kila mahali, kuna sehemu jina limebadilika na kamati ni ile ile, ila pale palipokaa sawa tofauti unaiona kwa macho.

Jumamosi, Katesh, Singida

Upepo, vumbi, nyuma Mlima Hanang. Singida tumelala. Hapa maziwa mawili mjini, Singidani na Kindai, yote chumvi. Ba'mdogo mgonjwa wa tumbo, leo hatukutembelea mtu.

Jumapili, Sekenke, Igunga, Nzega

Amepona, na kuteremka Sekenke kumemchangamsha, maana aliwahi kufanya kazi bonde la Wembere. Njiani kanisimulia mpango wa 1971, ule wa miaka 20, kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Bure. Wafadhili wa Ulaya waligawana mikoa, kila mmoja akaja na pampu yake na injini yake, vipuri vya mkoa huu havifai mkoa ule. Halafu mwishoni mwa miaka ya sabini mafuta yakapanda, vita vya Kagera, dizeli ikawa ya kupangiwa. "Nilikuwa na injini nzima, pampu nzima, bomba zima, kisima kina maji, sina lita kumi za dizeli. Watu wananiangalia mimi." Mwaka 1991 ulifika na sera mpya, ya kwamba wananchi wachangie.

Na ramani ya vituo vya maji iliyofanywa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilikuta karibu vituo vinne kati ya kumi havifanyi kazi. Vilikwishalipiwa, vilizinduliwa, utepe ulikatwa. Afrika bado ina zaidi ya watu milioni 400 wasio na hata huduma ya msingi ya maji ya kunywa, na kila ukisikia hiyo namba mazungumzo yanakwenda kwenye kujenga vipya, ila hivyo vinne kati ya kumi ni rahisi kufufua kuliko kuchimba upya, ila kufufua hakuna picha ya kupiga.

Benki ya Dunia nayo ilishtuka. Mwaka 2018 ilipitisha dola milioni 350 kwa maji ya vijijini Tanzania kwa mtindo wa lipa kwa matokeo, maana yake hela haitoki kwa kuonyesha risiti za mabomba, inatoka ikithibitishwa kwamba maji yanatoka na vituo vinaendelea kutoa. Ni mkopo bado, watoto wetu watalipa. Lakini angalau wanalipia maji yaliyotoka. Mhandisi mmoja tuliyekula naye Igunga kasema mtindo huu ulimfanya aanze kurudi kwenye miradi ya zamani, kabla ya hapo alikuwa anakabidhi na kusahau.

Igunga na Nzega sasa wana maji ya Ziwa Victoria, pamoja na Tabora mjini. Bomba limetandazwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India, dola milioni 268.35. Nimesimama kwenye kilula Nzega nikawauliza kina mama maji yametoka wapi. Mmoja kasema ziwani, mwingine kasema India. Wote wako sahihi.

Jumatatu, Shinyanga

Ba'mdogo kabaki hapa, ana ndugu kijiji cha pembeni mwa bomba. Mimi naendelea na Mwanza.

Jumanne, Ihelele

Kutoka Misungwi mpaka Ihelele, dakio la maji ziwani. Nilikuwa naijua kwa jina tu. Mashine zinavuta maji ziwani, yanasafishwa, yanasukumwa juu mlimani kwenye tenki kubwa, halafu yanateremka kuelekea Kahama na Shinyanga na sasa mpaka Tabora. KASHWASA, mamlaka inayoendesha, inauza kwa jumla kwa mamlaka za miji, na vijiji vilivyo pembeni mwa bomba vinaunganishwa kupitia vyombo vyao.

Mradi huu ulijengwa kwa hela ya serikali yenyewe, na sababu inapendeza. Kulikuwa na mkataba wa 1929 kati ya Uingereza na Misri, uliosema nchi za juu zisiguse maji ya Nile na maziwa yake bila Misri kukubali. Mwalimu alishatangaza baada ya uhuru kwamba Tanganyika haifungwi na mikataba ya mkoloni. Miaka ya 2000 mwanzoni, Edward Lowassa akiwa waziri wa maji, bomba likaanza, Cairo ikanung'unika, Kikwete akazindua 2009. Fikiria, mkopeshaji gani wa nje angekubali kuingia katikati ya ule mzozo? Kuna maji ambayo hayawezi kuletwa na mfadhili kwa sababu hela ya mfadhili ina majirani.

Muendesha mitambo mmoja kanitembeza. Nilimuuliza gharama kubwa ni dawa au mishahara. Akacheka. Umeme. Maji ni mazito, kuyapandisha mlimani usiku na mchana kunakula umeme kuliko kitu kingine chochote hapa, na bili ya umeme haijui kama kijiji fulani kimelipa au la. Ndio sababu bei ya jumla haiwezi kuwa ya huruma. Ukiiweka ya huruma lazima mtu mwingine aijazie, ama hazina au mteja wa mjini anayemwagilia maua, na hicho kitu kisemwe waziwazi kwenye bajeti, wasikiache kijifiche kwenye madeni ya umeme mpaka siku mashine zinazimwa.

Nimeandikia kikundi nikiwa hapa hapa chini ya mti, nimesema maoni yangu bila kuzunguka: kijiji chetu kiko karibu na mtandao wa RUWASA kuliko tunavyodhani, tuulize kwanza gharama ya kuunganishwa, na kama ni kisima basi theluthi ya mchango isiguswe, iende akaunti ya vipuri kwa jina la chombo, iwe ndio minazi yetu. Wawili wamekubali. Mmoja katuma kidole gumba. Mmoja kauliza kama nauli yangu imetoka kwenye mchango (haijatoka, nimelipa mwenyewe, nimemtumia tiketi). Aliyechanga kubwa kuliko wote yuko kimya.

Saa tisa hivi simu ya ba'mdogo. Bomba la kijijini kwa nduguze lilipasuka alfajiri, trekta lilipita juu yake. Saa mbili fundi wa chombo kashafika, vipuri vilikuwa stoo, mhasibu kasaini, saa saba maji yamerudi. Hajapigiwa simu mhandisi wa wilaya wala diwani. Ba'mdogo alikuwa anaongea kwa kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, nikamwambia tulia, nenda kwa mhasibu umuombe upige picha ukurasa wa daftari la akiba, nataka kuona walikuwa wanaweka kiasi gani kwa mwezi na walianza lini.